Kutafuta nyumba mashambani Ufaransa: nenda kabla majani hayajachipua

Kufikia Aprili, matangazo ya nyumba za mashambani Ufaransa hujaa picha za bustani zilizochanua. Ukiweza, usingoje mpaka hapo. Mwisho wa Februari na mwezi Machi ndipo nyumba inapojionyesha ilivyo. Miti bado mitupu, hivyo utaisikia barabara kuu iliyo nyuma ya kichaka na kuziona nyufa ambazo mimea itambaayo ukutani itazifunika baadaye. Mvua za majira ya baridi zimepandisha maji ya ardhini, na stoo ya chini inayoingiza maji haifichiki. Ukuta unaotoa jasho mwezi Machi unaweza kuonekana mkavu kabisa Julai.

Kasoro utazikubali tu, maana nyumba ya mawe iliyo nzuri, karibu na mji, isiyohitaji ukarabati na bado ya bei nafuu haipatikani. Kubali zinazotengenezeka: jiko la kizamani, bafu baya, nyaya za umeme, madirisha ya kioo kimoja. Kasoro ya mahali usiikubali. Bonde la mto unaofurika litabaki bonde, na nyumba iliyo upande wa kaskazini wa kilima haitapata jua Desemba hata uitie mamilioni. Tovuti ya serikali ya Géorisques hukuonyesha, kwa anwani, hatari ya mafuriko na ya udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa, ambao hupasua kuta. Kisha nenda siku ya kazi, saa mbili asubuhi, uendeshe gari mwenyewe hadi shuleni, kwenye duka la mikate na kwa daktari. Kwa daktari, uliza kama anapokea wagonjwa wapya. Vijijini wengi hawapokei tena.

Kuta ndizo huwagharimu wanunuzi wengi. Nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe, udongo na chokaa, na unyevu ulipita ukutani na kutoka. Aliyekuja baadaye akapiga lipu ya saruji, unyevu ukanaswa ndani. Dalili zake ni chumvi nyeupe, rangi inayotoka malengelenge kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na harufu ya kuvu. Shuku rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini tu, au mbao mpya zilizofunika ukuta mmoja. Tiba ni kuing'oa saruji, kuuacha ukuta ukauke kwa miezi mingi, kisha kupiga lipu ya chokaa. Anayekuahidi kumaliza kwa wiki mbili anakudanganya. Chukua kisu kidogo na, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, dunga boriti pale zinapoingia ukutani. Kikizama bila nguvu, mbao zimeoza au zimeliwa. Kusini-magharibi tatizo ni mchwa. Bretagne na Normandie kuna kuvu wa mbao aitwaye mérule.

Maji taka yana karatasi yake. Nyumba isiyounganishwa na bomba la umma lazima iuzwe na ripoti ya SPANC, idara ya umma inayokagua mifumo hiyo ya maji taka, isiyozidi miaka 3. Ikisema mfumo haukidhi kanuni, mnunuzi ana mwaka 1 baada ya mauziano kuurekebisha, na mfumo mpya mara nyingi hugharimu karibu euro 10,000. Omba bei ya fundi kabla ya kutoa ofa, uitumie kupunguziwa.

Daraja la nishati la nyumba, DPE, huanzia A, lililo bora, hadi G, lililo baya kabisa. Kwa nyumba ya E, F au G muuzaji lazima akupe pia ukaguzi wa kina wa nishati. Ukitaka kuishi mwenyewe, G si balaa iwapo bei imeshuka vya kutosha. Anza na paa, ambako nyumba isiyowekewa kizuizi cha joto hupoteza takriban robo ya joto lake. Ukitaka kupangisha, jihadhari: tangu Januari 2025 nyumba ya G haiwezi kupewa mpangaji mpya, na F zitafuata 2028.

Kabla ya kutaja bei, tazama DVF, orodha ya serikali ya bei halisi zilizolipwa miaka 5 iliyopita. Ongeza asilimia 7 hadi 8 za kodi na gharama za notari, yaani afisa wa sheria anayeandika hati ya mauziano. Unaweza kuwa na notari wako bila kulipa zaidi, kwa kuwa yeye na wa muuzaji hugawana ada ile ile.

Mkataba wa awali, compromis de vente, ndio wa kusoma neno kwa neno. Arbuni huwa asilimia 5 hadi 10. Baada ya kuupokea una siku 10 za kujiondoa bila sababu. Zikipita, kinachokulinda ni masharti uliyoandikisha. Andikisha kiasi cha mkopo unaouhitaji na riba ya juu kabisa unayoikubali. Kama unanuia kugeuza banda kuwa vyumba, andikisha kwamba kibali kisipotoka, mauziano yanavunjika. Usipoelewa Kifaransa, uwe na mkalimani wakati wa kusaini. Na usitarajie kibali cha ukaazi: kumiliki nyumba hakukupi.

Majogoo na kengele za kanisa usivifanye hoja ya kupunguziwa bei. Sheria ya tarehe 29 Januari 2021 imeziingiza sauti na harufu za mashambani katika urithi wa taifa.

Hati ya mwisho husainiwa takriban miezi 3 baada ya mkataba wa awali. Asubuhi ya siku hiyo ikague nyumba tena, uwashe kila bomba na kila taa, usome mita. Bima yako ianze siku hiyo hiyo.