Dragoni si kila askari wa farasi

Je, "dragoni" ni jina la jumla la askari wapanda farasi? Hapana. Katika majeshi ya Ulaya ya karne ya 17, dragoni alikuwa askari wa miguu aliyepewa farasi ili afike haraka. Akifika, alishuka na kupigana kwa bunduki akiwa chini. Ndiyo maana hapo mwanzo walipewa farasi wa bei nafuu, na waliamrishwa kwa ngoma kama askari wa miguu, si kwa tarumbeta.

Udhaifu wao ulikuwa pale pale pa kushuka: lazima wengine wabaki na farasi. Katika jeshi la Marekani la karne ya 19, kawaida mmoja kati ya wanne alishika hatamu za farasi wanne, wake na wa wenzake watatu. Yaani robo ya bunduki haipo kwenye mstari wa mapigano.

Ila angalia mwaka wa habari unayosoma. Kufikia karne ya 18 dragoni wengi walishakuwa wapanda farasi kamili, wanaoshambulia kwa upanga wakiwa juu ya tandiko. Marekani iliunda kikosi chake cha dragoni mwaka 1833, na mwaka 1861 kikabadilishwa jina kuwa Kikosi cha 1 cha Wapanda Farasi. Uingereza jina lingalipo: Light Dragoons, kikosi kilichoundwa 1992, hutumia magari ya kijeshi kwa upelelezi.

Ukitafsiri habari za kabla ya 1700, usiandike "wapanda farasi" tu. Andika "askari wa miguu waliopanda farasi".