Manunuzi ya bila ushuru kwenye meli ya kitalii: anza hesabu gatini unakoshukia

Abiria wengi wa meli za kitalii za Karibiani huanza kuhesabu akiba wakiwa dukani. Tuseme chupa ni dola 45 Marekani na huku ni 25, basi wameshaokoa 20. Hesabu hiyo ina kasoro. Duka la St. Thomas au Philipsburg (mji wa Sint Maarten) limesamehewa ushuru na kodi za kisiwa chake, lakini halina mamlaka ya kukusamehe ushuru wa Marekani. Huo husamehewa na forodha siku unaposhuka Miami, Fort Lauderdale au Galveston, tena kwa kiwango maalumu. Kiwango chenyewe hutegemea umekaa nje saa ngapi, umenunua wapi, na mara ya mwisho ulitumia msamaha lini. Anayejua kiwango chake kabla ya kupanda meli hununua vizuri kuliko anayejua bei.

Yaliyo hapa yanawahusu hasa wakaazi wa Marekani, yaani raia na wenye grini kadi. Wenye viza ya matembezi wana aya yao huko chini.

Dola 800, 1,600 au 200

Kiwango cha kawaida ni dola 800 kwa kila mtu, mtoto mchanga naye akiwemo. Masharti ni mawili: uwe umekaa nje ya nchi angalau saa 48, na uwe hujautumia msamaha huo ndani ya siku 30 zilizopita. Sharti la saa 48 haliwahusu wanaotoka Mexico wala Visiwa vya Virgin vya Marekani.

Ukipitia Visiwa hivyo vya Virgin (St. Thomas, St. Croix na St. John), kiwango kinapanda hadi dola 1,600. Marekani ilivinunua kutoka Denmark mwaka 1917 kwa dola milioni 25, ila ikaviacha nje ya eneo lake la forodha, ndiyo maana bendera ni ya Marekani na bado mizigo inapita kwa masharti nafuu. Lakini soma vizuri: katika hizo 1,600, vitu vilivyonunuliwa kwingineko visizidi dola 800. Puerto Rico ni habari nyingine. Iko ndani ya eneo la forodha, kwa hiyo ulichonunua San Juan madukani ni kama umenunua Orlando. Hakihesabiwi, ila tunza risiti uthibitishe.

Kinachowanasa wengi ni kiwango cha dola 200. Safari fupi za Bahamas za usiku mbili huondoka jioni na kurudi asubuhi ya siku ya tatu. Piga hesabu, saa 48 hazifiki. Hapo unabaki na dola 200, mililita 150 tu za pombe, sigara 50 na biri 10. Ubaya wake mkubwa ni kwamba ukizidisha 200, hata kwa dola tano, msamaha wote unaanguka na unatozwa kwa thamani nzima. Tena familia hairuhusiwi kuunganisha viwango hivi vya 200. Wanaosafiri mara mbili ndani ya mwezi mmoja huangukia humu humu.

Kwa kiwango cha 800 au 1,600, familia ya nyumba moja inayorudi pamoja huunganisha. Watu wanne wana dola 3,200, au 6,400 wakitokea Visiwa vya Virgin, na hakuna anayeuliza saa ya mkononi ni ya baba au ya mtoto. Pombe ndiyo haiunganishwi hivyo, kwani aliye chini ya miaka 21 hana fungu.

Ukivuka kiwango, dola 1,000 zinazofuata za vitu vya matumizi binafsi au zawadi hutozwa asilimia 3, na asilimia 1.5 kwa vya Visiwa vya Virgin. Chukua mtu mmoja aliyenunua saa ya dola 1,500 Sint Maarten na marashi ya dola 300 St. Thomas. Kwenye saa, 800 zimesamehewa na zimebaki 700. Marashi yanaingia kwenye nafasi iliyobaki ya zile 1,600. Anadaiwa asilimia 3 ya 700, yaani dola 21. Akiificha saa hiyo na ikaonekana, sheria inaruhusu itaifishwe na yeye atozwe faini sawa na thamani yake. Dola 21 dhidi ya 1,500 na saa yenyewe, halafu bado kuna watu wanaivaa mkononi na kusema ni ya zamani.

Zawadi unazowapelekea watu zimo kwenye hesabu yako. Nguo uliyonunua na kuivaa melini imo. Ulichonunua kwenye duka la meli kimo. Kile ulichonunua kwenye duka la bila ushuru la Marekani kabla ya kuondoka, kisha ukarudi nacho, hakina msamaha wowote. Maduka hayo huuza bidhaa za kupelekwa nje ya nchi zisirudi.

Chupa

Hapa ndipo mpangilio wa bandari unapolipa. Bila kugusa Visiwa vya Virgin una lita moja ya pombe bila ushuru. Ukiwa na lita moja iliyotengenezwa katika nchi za mpango wa Bonde la Karibiani (mpango wa Marekani wa nafuu ya ushuru), kama ramu ya Jamaica au Barbados, unafika lita mbili. Tekila ya Cozumel haikusaidii hapo, Mexico haimo kwenye mpango huo. Ukipitia Visiwa vya Virgin unafika lita tano, kwa sharti kwamba lita moja iwe imetengenezwa huko huko (ramu ya Cruzan ya St. Croix ndiyo njia rahisi) na isizidi lita moja iliyonunuliwa kwingineko. Kwa hiyo kama meli inaanzia Cozumel au Nassau ya Bahamas na kumalizia St. Thomas, jizuie mwanzoni. Na angalia ujazo, maana chupa kubwa za lita 1.75 peke yake huvuka fungu la lita moja.

Chupa za ziada si dhambi. Kodi ya serikali kuu kwa chupa ya mililita 750 yenye kilevi asilimia 40 ni kama dola 2.14, na ushuru juu yake kidogo. Galveston ni tofauti kidogo: jimbo la Texas lina meza yake pale gatini na linatoza kodi ya jimbo kwa pombe na sigara hata kama forodha ya taifa imekusamehe. Andaa kadi.

Jambo ambalo kampuni ya meli hueleza kwa herufi ndogo ni kwamba chupa utakayopanda nayo kutoka bandarini, au utakayonunua duka la meli, kwa kawaida haikai chumbani kwako. Huchukuliwa pale penye mashine ya kukagua mizigo, unapewa karatasi, unarudishiwa jioni ya mwisho au asubuhi ya kushuka. Sasa angalia ratiba. Usiku wa mwisho masanduku makubwa huwekwa nje ya mlango ili yashushwe na mabaharia. Chupa ikifika baada ya hapo, sanduku limeshaondoka, na wewe umebaki na lita tano mkononi na ndege ya saa sita mchana.

Kwenye ndege vimiminika vya zaidi ya mililita 100 haviingii kwenye begi la mkononi, na ule mfuko uliofungwa na duka hausaidii kitu. Mfuko huo hutambuliwa kwa abiria aliyeingia Marekani kwa ndege kutoka nje na anaunganisha safari. Wewe umeingia kwa meli. Kwa hiyo:

- beba begi tupu linalokunjika, lenye zipu imara, pamoja na taulo kuukuu au nguo nzito za kufungia;
- gatini, baada ya forodha, fungua sanduku na upange chupa katikati, mbali na kingo na magurudumu;
- kumbuka chupa ya lita moja ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo tano zinakula karibu kilo 8 kati ya 23 za ndege.

Pombe ya asilimia 24 hadi 70 inaruhusiwa lita tano kwa abiria kwenye sanduku la chini, ikiwa haijafunguliwa. Inayozidi 70 haipandi ndege kabisa, juu wala chini. Wray & Nephew ya Jamaica, kali kama ilivyo, ina 63 na inapita. Zipo ramu za visiwani zinazozidi 80, hizo ni za kuonja huko huko.

Vito, na hasa tanzanite

Mtanzania anayeshuka Charlotte Amalie (mji wa St. Thomas) au Cozumel hushangaa: kila mtaa wa maduka una tanzanite, na muuzaji anamweleza habari za Kilimanjaro kama mtu aliyezaliwa Moshi. Ni jiwe la kweli, kutoka Mirerani, wilaya ya Simanjiro mkoani Manyara. Maneno yanayolizunguka ndiyo ya kuchuja.

Herufi za AAA au AAAA ni vipimo vya wafanyabiashara wenyewe. GIA, maabara inayoaminika zaidi, haitoi daraja la herufi kwa tanzanite. Ripoti yake inakuambia jiwe ni lipi na limefanyiwa nini. Karibu tanzanite zote zimepashwa moto ili rangi ya kahawia itoke na bluu ibaki, kwa hiyo kusikia “imechomwa” si sababu ya kukimbia wala ya kupewa punguzo. Rangi iliyokolea hupatikana zaidi kwenye mawe makubwa, na dogo lililopauka si adimu hata kidogo. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7, kwa hiyo pete ya kuvaa kila siku itachubuka. Hereni au kidani ni uamuzi bora. Usimpe sonara alisafishe kwa mashine ya mtetemo wala ya mvuke, linaweza kupasuka.

Kabla ya kulipa, uliza uzito wa jiwe lenyewe bila dhahabu, uandikwe kwenye risiti. Cheti cha thamani kinachotolewa na duka hilo hilo, kinachosema kidani cha dola 900 kina thamani ya 2,400, ni karatasi ya kukufurahisha. Forodha wanaangalia bei uliyolipa. Na orodha ya “maduka yanayopendekezwa” inayogawiwa melini ni ya maduka yaliyolipia kutangazwa. Dhamana inayoambatana nayo kwa kawaida haimhusu mnunuzi aliyebadili mawazo tu, kwa hiyo sharti la kurudisha liandikwe dukani.

Vinavyobaki mezani kwa ofisa

Biri na ramu za Cuba haziingii Marekani, hata ukinunua Cozumel kwa risiti halali. Mlango huo ulifungwa tarehe 24 Septemba 2020. Bidhaa za kasa, iwe gamba, nyama au mafuta, hazipiti hata kama Visiwa vya Cayman zinauzwa wazi. Matumbawe meusi yanaweza kuhitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Makombe ya konokono wakubwa wa bahari, matatu kwa mtu kwa kawaida hupita bila kibali hicho. Vanila ya Mexico ya bei ya kutupa inaweza kuwa imechanganywa na maharage ya tonka yenye kumarini, ambayo haikubaliki katika chakula Marekani. Matunda, nyama na mimea: acha. Hilo ni pamoja na tofaa ulilochukua mezani melini, mbwa wa gatini wanalijua.

Bangi tuiseme kwa uzito wake. Hata pale kisiwa kinaporuhusu, sheria ya taifa la Marekani hairuhusu kuvuka nayo. Kwa mwenye grini kadi faini ndiyo sehemu nyepesi, kesi inahamia kwenye ukaazi wake.

Mwenye viza ya matembezi ahakikishe kwanza ni ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo atashuka Nassau na kurudi ni shida. Fungu lake la zawadi ni dola 100, akikaa Marekani angalau saa 72, na hulitumia mara moja kila miezi sita. Pombe ni lita moja. Na anayepanga kuzifikisha zile lita tano Dar es Salaam au Nairobi ajue kwamba sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inatambua lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo kwa msafiri, basi.

Asubuhi ya kushuka

Gati nyingi sasa zinakutambua kwa sura na hakuna fomu ya kujaza. Hilo limewafanya watu wadhani hakuna la kutamka. Wajibu uko pale pale, ni wa mdomo. Weka risiti kwenye bahasha moja, zilizogawanywa mafungu mawili, za Visiwa vya Virgin na za kwingineko, na jumla imeandikwa juu ya kila fungu. Ukifika kwa ofisa taja jumla, idadi ya chupa, na vyakula kama vipo. Mkiwa mmebeba zaidi ya dola 10,000 taslimu kama familia, tamka pia. Kubeba si kosa, kunyamaza ndiko kosa. Kiasi cha ushuru kikiwa kidogo, hutokea ofisa akakupitisha bila kukutoza, lakini uamuzi ni wake.

Ukilipa ushuru kwa saa, kamera au kidani, risiti ya forodha ikae na kitu chenyewe. Safari ijayo ofisa mwingine anaweza kuuliza umekinunua lini. Kama kitu cha kigeni unacho tayari nyumbani na huna karatasi, nenda nacho ofisi ya CBP (forodha ya Marekani) kabla ya kuondoka, kioneshe, wakijaze kwenye fomu 4457 kwa namba yake ya usajili. Fomu ni bure, na inatumika safari hadi safari mradi isomeke.