Usisajili ajenti ya Puppet wakati unajenga imeji. Nimelipia hilo kosa tayari

Simamisha hiyo kazi kwanza. Hiyo Dockerfile uliyobandika, yenye mstari unaosajili ajenti ya Puppet kwa seva wakati imeji inajengwa "ili kontena ziamke zikiwa tayari", usiijenge tena. Kwa anayesoma akiwa mgeni: Puppet ni mfumo wa kusimamia mipangilio ya seva nyingi kutoka mahali pamoja, na ajenti ni programu yake inayokaa kwenye kila mashine. Imeji ni kifurushi ambacho Docker hukitumia kuanzisha kontena, yaani programu inayoendeshwa ikiwa imetengwa peke yake, na Dockerfile ni orodha ya hatua za kuijenga. Kama umeshaipandisha kwenye rejista (ghala la imeji), ishushe kabla hujamaliza kusoma hapa. Umeuliza mambo manne: Ubuntu au Debian, jinsi ya kupunguza ukubwa, kama ni sawa kusajili mapema, na namna ya kupanga matoleo. Nakujibu la tatu, maana hilo ndilo litakaloteketeza kazi yako. Mstari huo niliwahi kuuandika kwa mkono wangu, na nilipouona kwenye uzi wako moyo ulinipasuka.

Tulikuwa watu watano kwenye ofisi ya ghorofa ya tatu, Westlands, tukitengeneza mfumo wa kodi za nyumba. Mpangaji analipa kwa M-Pesa, risiti inatoka, mwenye nyumba anaona nani amelipa na nani bado. Seva zetu zote zilikuwa chini ya Puppet, na tulipoanza kuhamia kontena tukataka Puppet iwe ndani ya imeji ya msingi, kama wewe. Akaletwa mshauri, analipwa kwa siku. Akasimama ubaoni akachora mishale. Kontena mpya ikianza, alisema, ajenti inaunda ufunguo wake wa siri, inatuma ombi la cheti (kitambulisho chake cha kidijitali) kwa seva kupitia mlango 8140, kisha inasubiri cheti kitiwe sahihi. Mpaka hapo alikuwa sahihi kabisa. Halafu akasema huo ni muda unaopotea bure, kwa hiyo tufanye usajili mara moja wakati wa kujenga, na jina la cheti tuliandike kwenye puppet.conf, faili ya mipangilio ya Puppet, lisibadilike. Tukaandika certname = msingi. Kwenye Dockerfile tukaweka:

RUN puppet agent --test --server puppet.ndani || true

Ile || true mwishoni nayo ilikuwa ushauri wake. Ukiendesha ajenti kwa --test na ikabadilisha kitu bila tatizo, inarudisha namba 2, na Docker ikiona namba isiyo sifuri inakata ujenzi. Badala ya kuisoma namba hiyo, tuliiziba mdomo. Na 4 na 6, zinazosema kuna kitu kimeshindikana, tukaziziba pamoja nayo. Hilo lenyewe ni kosa, ila ni dogo, naliruka.

Kosa kubwa ni hili. Seva ya Puppet inamtambua mteja kwa jina lililo kwenye cheti. Haijali kontena iko wapi wala inafanya kazi gani. Kontena zetu zote, za majaribio na za wateja wa kweli, zilizaliwa na cheti kimoja na ufunguo mmoja. Kwa seva zote zilikuwa kiumbe kimoja kinachoitwa msingi, na msingi tulikuwa tumeiorodhesha upande wa wateja wa kweli. Kwa hiyo kontena yoyote iliyoamka na kuomba katalogi yake (orodha ya mipangilio ambayo seva humpa kila mteja) ilipewa katalogi ya wateja wa kweli, pamoja na nywila ya hifadhidata na funguo za malipo.

Mwenzetu wa majaribio alikuwa anajaribu kitufe cha kulipa. Kwenye hifadhidata yake kulikuwa na nakala ya orodha ya wapangaji, na namba za simu hatukuzibadilisha. Hilo nalo ni kosa letu. Akabonyeza, akaona jibu limerudi zuri, akabonyeza kwa orodha nzima. Watu wa Rongai, Kayole na Kahawa West, wengine wako jikoni wanapika, wakaona simu zinawadai PIN ya kulipa shilingi 10 wasizozijua. Wengine waliweka PIN, kwa sababu jina lililotokea ni la mfumo wanaolipia kodi kila mwezi. Mama mmoja alipiga simu ofisini akauliza kwa sauti ya chini kama mwenye nyumba ameanza kutoza maji kivyake. Sikuwa na la kumjibu. Tulirudisha kila shilingi siku hiyo hiyo, lakini imani hairudishwi kwa M-Pesa.

Ungedhani tulijifunza hapo. Mshauri aliitwa, hata hakujikuna kichwa. Akasema ni rahisi, ongezeni mstari mmoja chini ya ule wa kwanza:

RUN rm -rf /etc/puppetlabs/puppet/ssl

Tukaongeza. Nikaingia ndani ya kontena, nikatazama ile saraka, haipo. Nikafurahi. Siku chache baadaye tukaipandisha imeji kwenye rejista ya wazi, kwa sababu timu nyingine tuliyoshirikiana nayo iliihitaji na hatukutaka usumbufu wa kuwapa nywila. Ikakaa huko wiki tatu.

Aliyetuokoa ni kijana wa mafunzo, siku zake za mwanzo kazini. Aliuliza swali moja tu: mbona tumefuta vitu na imeji haijapungua hata kidogo? Nikaanza kumweleza kwa kujiamini, katikati ya sentensi nikanyamaza. Ilikuwa Jumamosi mchana, mvua inapiga mabati ya kioski cha chini. Nikachukua imeji ile ile nikaifungua pale mbele yake:

docker save msingi:2 -o msingi.tar
mkdir fungua && tar -xf msingi.tar -C fungua

Imeji ni matabaka yaliyopangwa moja juu ya jingine. Kila RUN inayogusa faili inaacha tabaka lake, na tabaka likishaandikwa halibadilishwi tena. Ukifuta kitu kwenye mstari unaofuata, Docker hairudi nyuma kukiondoa. Inaweka alama kwenye tabaka jipya inayosema "usimwonyeshe mtu kilicho chini yangu". Tulifungua tabaka la juu tukaikuta alama yenyewe, faili tupu yenye jina .wh.ssl. Tukashuka tabaka moja. Pale, kwenye etc/puppetlabs/puppet/ssl/private_keys, palikuwa na msingi.pem. Nikaifungua na mstari wa kwanza ukasomeka:

-----BEGIN RSA PRIVATE KEY-----

Kijasho chembamba kilinitoka. Ufunguo wetu wa siri ulikuwa umelala kwenye rejista ya wazi wiki tatu, kwa yeyote mwenye docker pull na dakika tano. Na seva yetu ya Puppet ilikuwa inafikika kutoka nje, kwa hiyo mwenye ufunguo huo angeweza kujiita msingi, akaomba katalogi, akakabidhiwa kila nywila tuliyokuwa nayo.

Tulifanya kazi mpaka Jumatatu alfajiri. Kufuta cheti ni amri moja, puppetserver ca clean --certname msingi, lakini cheti kile kilikuwa cha kila kontena, kwa hiyo ajenti zote zikakataliwa kwa mpigo. Ikabidi tubadilishe nywila za hifadhidata, tuombe funguo mpya za malipo, tujenge upya kila imeji iliyosimama juu ya ile ya msingi. Mteja mmoja mkubwa, mwenye majengo kadhaa, alituandikia Jumanne kwamba anaondoka. Yule mshauri alishalipwa zamani. Alikaanga mbuyu akaenda zake, tukabaki sisi wenye meno. Na bado nasoma mtandaoni watu wakiandika mwongozo wa "jenga imeji yenye ajenti iliyosajiliwa tayari", mstari wa rm -rf ukiwa chini yake, kama vile huo ndio usafi. Mtu wa aina hiyo hajawahi kufungua tabaka hata moja. Kama umeupata huko huo mstari wako, funga huo ukurasa.

Kanuni yangu ni moja na siijadili: imeji haibebi kitambulisho. Programu ibebe, mipangilio ya jumla ibebe. Cheti, ufunguo, nywila, jina la kipekee, vyote vinapatikana kontena inapoanza au havipatikani kabisa.

Usidhani ni Puppet peke yake; kuna mifumo mingine ya aina hii. Kwenye Salt angalia /etc/salt/pki/minion na /etc/salt/minion_id. Kwenye Chef ni client.pem na validation.pem ndani ya /etc/chef. Ansible haina ajenti, lakini nimeona watu wakifanya COPY ya .vault_pass (faili ya nywila), wanaendesha ansible-playbook, kisha wanaifuta kwenye mstari unaofuata. Ni shimo lile lile. Hata openssh-server, programu ya kuingilia mashine kwa mbali, ukiiweka kwenye imeji ya Debian huzalisha funguo zake papo hapo wakati wa kusakinishwa, na kila kontena inazirithi. Na nywila ukiipitisha kwa ARG (kigezo cha ujenzi), itasomwa na yeyote atakayeandika docker history.

Kama unataka Puppet ipange imeji, iendeshe bila seva wakati wa kujenga, manifesti (faili za maelekezo ya Puppet) ziazimwe tu na zisinakiliwe ndani:

RUN --mount=type=bind,source=manifesti,target=/m puppet apply --detailed-exitcodes /m/msingi.pp || [ $? -eq 2 ]

Tazama mwisho wa mstari. 0 na 2 zinapita, 4 na 6 zinakata ujenzi. Hiyo ndiyo inayokaa mahali pa || true. Siri inayohitajika wakati wa kujenga, kwa mfano nywila ya hazina ya pakiti, iingie kwa --mount=type=secret; inaonekana kwa RUN hiyo peke yake na haiandikwi kwenye tabaka.

Na kama lazima kontena iongee na seva ya Puppet, usiandike certname popote kwenye imeji. Acha kontena inapoanza ichukue jina lake yenyewe, iombe cheti chake, na seva iwe na skripti ya kukagua ombi kabla ya kutia sahihi, kwa neno la siri linaloletwa kontena ikianza. Kusaini kila ombi bila kuuliza ni kuacha mlango wazi na kulala. Kisha ujipange kusafisha vyeti vya kontena zilizokufa, maana zitakuwa nyingi.

Ila jiulize kwanza kama unaihitaji ajenti hai ndani ya kontena. Kwa kawaida ajenti ya Puppet hurudi kila dakika 30 kuangalia kama kuna kilichobadilika. Ilibuniwa kwa seva zinazoishi miaka. Kontena inayoishi saa mbili ukitaka kuibadilisha unajenga imeji mpya, unaiweka, ya zamani inakufa. Sisi siku hizi Puppet inafanya kazi wakati wa kujenga, inamaliza, na ajenti haianzishwi tena. Hatujaikosa.

Kuhusu Ubuntu au Debian, tumia ile timu yako inayoijua usiku wa manane stima ikipotea.

Sasa fanya hivi jioni hii, kabla ya lingine lolote. Ifungue imeji yako kwa docker save kama nilivyoonyesha hapo juu, halafu:

for f in $(find fungua -type f); do tar -tf "$f" 2>/dev/null | grep -E '\.pem$|\.key$|\.wh\.|minion_id'; done

Zile pem zilizo ndani ya /etc/ssl/certs ni vyeti vya umma, usishtuke. Ukiona chochote chini ya private_keys, cheti hicho kimekufa hata kama imeji haijatoka nje ya laptopu yako: kifute kwenye seva, badilisha kila nywila iliyokuwa kwenye katalogi ya jina hilo, jenga upya kuanzia mstari wa FROM. Bandika hapa matokeo ya hiyo amri, majina ya faili peke yake, usibandike yaliyomo ndani. Niko macho mpaka saa sita usiku, tutayapitia pamoja mstari kwa mstari.