Barua kwa mwanangu: msisubiri wakue

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili barazani baada ya magharibi, nyumba ilipotulia. Unauliza kama mimi na baba yako tulifanya vyema kuwatoa wewe na mdogo wako kwa baiskeli kando ya mto Danube mkiwa wadogo vile, maana sasa unataka kuwapeleka wajukuu zangu njia ileile, na mkwe wangu anaona msubiri wafike hata miaka kumi. Anasema aliye na miaka 3 hatakumbuka kitu, na wa miaka 6 atakumbuka kidogo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mengine ningeyaruka.

Nendeni. Ngoja nikueleze kwa nini sisi tulikwenda, hili sijawahi kukwambia.

Mwaka 1999, kule Munich, Ujerumani, baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akifanya kazi ya usiku ghalani. Nyinyi mlimjua baba akiwa amelala. Kila siku nilikuwa nawanyamazisha, "baba amelala", mpaka mdogo wako akazoea kunyata ndani ya nyumba hata baba asipokuwemo. Siku moja baba yako aliamka akamkuta ananyata hivyo mlangoni, akakaa kitandani kimya kwa muda mrefu. Wiki hiyohiyo akaomba likizo. Akasema hataki kwenda kukaa kwa watu, anataka baiskeli. Unawajua watu wa Tanga na baiskeli: babu yako alimpeleka shule kwenye keria tangu darasa la kwanza, na mazungumzo yote waliyowahi kuzungumza wawili wale waliyazungumzia pale juu.

Basi Julai tukapanda treni hadi Passau, mji wa Ujerumani mpakani na Austria, wewe na baiskeli yako nyekundu isiyo na gia, mdogo wako kwenye tela nyuma ya baba. Pale mito mitatu inakutana, Danube, Inn na Ilz, na rangi zao hazichanganyiki upesi: Ilz mweusi kama chai, Inn wa kijani-kijani. Mlikaa ukingoni mkibishana ni upi umeshinda. Kwenye ukuta wa ukumbi wa mji zimechorwa alama za mafuriko ya zamani, na ile ya mwaka 1501 iko juu kabisa. Mwaka 2013 maji yalikaribia kuifikia, nilipoona kwenye taarifa ya habari nikakumbuka ulivyonyoosha mkono ukutani na hukufika hata alama za chini.

Kutoka hapo hadi Vienna, mji mkuu wa Austria, ni kama kilomita 320. Njia inafuata mto unakoteremka, kwa hiyo vilima ni vichache, na upepo wa kule mara nyingi hutoka magharibi, yaani unakusukuma mgongoni. Sehemu nyingine ni njia za zamani ambako farasi walipita wakivuta mashua kupandisha mto. Ulipoambiwa Austria wanatumia shilingi (euro za mkononi hazikuwapo bado) ulifurahi sana, ukaniuliza kama ni zilezile bibi anazozifunga kwenye pindo la kanga. Ulitaka ulipe wewe kila kitu.

Baba yako alikuwa amepanga siku 7. Tulitumia 11, na sababu yake ni siku tuliyoondoka Grein, mji mdogo kando ya mto.

Siku hiyo tulitaka kufika Melk kabla hawajafunga abasia, lile jumba kubwa la manjano juu ya mwamba ambalo wamonaki wa Benedikto wamekaa tangu mwaka 1089. Kutoka Grein ni zaidi ya kilomita 40. Mtu mzima huzimaliza kabla ya adhuhuri. Wewe ulikuwa na miaka 6. Saa tisa alasiri ulishuka, ukailaza baiskeli majanini taratibu, ukasema, "Miguu yangu imekwisha." Mimi nilikugombeza. Nilikwambia unatuharibia safari. Hukulia, uliinua tu baiskeli ukapanda tena, ukaendesha umeinamisha kichwa mpaka Melk, na lango tulilikuta limefungwa. Wewe hukuwahi kulitaja, pengine umelisahau. Mimi sijalisahau, nami nakuomba radhi leo kwa maandishi.

Usiku ule baba yako alichukua karatasi ya ratiba akaichana. Akasema kuanzia kesho anayepanga mwendo ni aliye kwenye tela. Mdogo wako akisema "konokono", tunasimama kwa konokono. Zikawa kilomita 20, siku nyingine 15, na siku hizo ndizo zilizokuwa safari. Ile abasia tuliiona asubuhi yake bila haraka, nanyi mkapenda zaidi ngazi ya mzunguko kuliko maktaba.

Kisha ikaja Wachau, bonde la mizabibu na maaprikoti kati ya Melk na Krems. Pale Spitz kuna kivuko kisicho na injini. Wewe ulikuwa umezoea kile cha Pangani kinachonguruma, ukaona hiki kinakwenda kimyakimya, ukadhani kuna mtu anasukuma chini. Baba yako akakuonyesha kebo iliyopita juu kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, kivuko kimefungwa kwayo, nahodha anakiweka upande kidogo na mkondo wa mto wenyewe unakisukuma, kama upepo na tanga la ngalawa. Tulivuka mara nne. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, baba amembeba mdogo wako mabegani, wewe unahesabu shilingi. Mchana wote ule alikuwa macho, nanyi mnamwona. Katika ujumbe wako umesema unakumbuka "chombo fulani na tunda la njano lililokuwa la moto kwa jua". Ndiyo hapo.

Mambo mengine nitayapita haraka. Dürnstein, ile ngome iliyobomoka juu ya kilima, ndipo Mfalme Richard wa Uingereza alipofungwa mwaka 1192. Watoto hupenda hadithi ya mfalme mfungwa. Willendorf kilichimbuliwa mwaka 1908 kisanamu cha mwanamke kisichozidi urefu wa kiganja, kina karibu miaka elfu 30, nacho mtakikuta makumbusho ya Vienna. Mauthausen ilikuwa kambi ya mateso ya Wanazi toka 1938 hadi 1945. Baba yako alipanda peke yake, sisi tukamsubiri chini mtoni. Aliporudi uliuliza ameona nini, akasema, "Nitakwambia ukikua." Alikwambia, najua. Nawe wanao wasubirishe hivyohivyo.

Vaeni kofia ngumu wote. Tangu 2011 Austria ni sheria kwa mtoto chini ya miaka 12, hata aliye ndani ya tela. Chukua tyubu mbili za akiba, viraka na gundi, na tyubu ya tela usiisahau, saizi yake ni nyingine. Kwa mjukuu wangu mkubwa siku hizi kuna fimbo ya kuunganisha baiskeli yake na yako akichoka. Mimi ningeinunua hata kabla ya tela. Chakula cha nyumba za wageni kina nguruwe mwingi, sisi tulikula mayai, jibini, samaki na mkate, tukashiba. Na Melk kuna stesheni. Mkichoka, pandeni treni hadi Vienna, si aibu.

Mwambie mkwe wangu kwamba mdogo wako hakumbuki hata siku moja ya safari ile. Nimemuuliza. Lakini tuliporudi Munich hakunyata tena. Baba akiwa amelala, alikuwa anakwenda moja kwa moja kitandani, anamgusa shavu, anamwambia "konokono", na baba yako anaamka.

Kengele ya baiskeli yako nyekundu ninayo, imepauka ila inalia. Shangazi yako anakuja huko mwezi ujao, nitampa. Mfungie mkubwa. Mdogo, mkifika Spitz, msimamishe mbele kabisa, aione kebo.

Mama yako,
Tanga