Hataza ya programu Ulaya: wasilisha ombi kabla ya kuchapisha msimbo
Ndugu, programu yako ya kubana picha inaweza kupata hataza (haki ya kisheria inayolinda uvumbuzi) Ulaya, lakini tafadhali usiweke msimbo hadharani kwanza kama ulivyopanga. Ukishauweka, uvumbuzi wako si jambo jipya tena, na Ulaya hawana ile miezi 12 ya msamaha ya Marekani, ambayo humruhusu mvumbuzi kuwasilisha ombi hata baada ya kuchapisha.

Ibara ya 52 ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya hukataa programu ikiwa ni programu tupu. Kwa hiyo eleza tatizo la kiufundi na namna kila hatua inavyopunguza ukubwa wa faili. Mfumo wako wa kupanga bei, ambao si wa kiufundi, hautakusaidia: tangu uamuzi wa COMVIK wa 2002, wa Bodi ya Rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, sehemu zisizo za kiufundi hazihesabiwi wanapopima ubunifu. Andika maelezo yote mapema. Ibara ya 123 ya mkataba huo hairuhusu kuongeza jambo jipya kwenye ombi baadaye.