Mradi wa programu huria ukilala: toeni toleo dogo kwanza, mipango baadaye

Tuseme kuna programu ya kurekodi samaki wanaoshushwa Deep Sea hapa Tanga: aina, kilo, bei, chombo na mgawo wa kila baharia. Msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi mtandaoni, lakini haujaguswa kwa miaka kadhaa. Walioandika wamehamia Dar es Salaam na Dodoma, makarani wa pwani wamerudi kwenye daftari. Sasa kundi jipya linataka kuuamsha mradi, na wazo la kwanza kuwajia ni kuandika kila kitu upya kwa lugha inayovuma. Tunawasihi msifanye hivyo. Msimbo wa zamani, hata uwe mbovu, umebeba mambo mengi ambayo watumiaji walishayalalamikia yakarekebishwa. Mkianza upya mtayarudia yote, na wengi huishiwa pumzi kabla ya kufika pale mradi ulipoishia.

Kabla ya kugusa chochote, jueni nani kashika nini. Domeni, yaani anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa jina la nani na inaisha lini? Seva, kompyuta inayoendesha programu mtandaoni, inalipiwa na nani? Ripo, ghala la msimbo mtandaoni, ina wasimamizi wangapi? Nakala ya data iko wapi? Domeni ndiyo ya haraka kuliko zote, kwa sababu onyo la kuisha hutumwa kwenye barua pepe ambayo mara nyingi ilikuwa ya chuo na imeshafungwa. Halafu tazameni faili la leseni. Likiwa la MIT au GPL, ambazo ni leseni za programu huria, mnaweza kuendelea bila kuomba ruhusa, ilimradi mzingatie masharti yake na majina ya wenye hakimiliki yabaki. Lisipokuwepo, haki zote bado ni za walioandika, hata kama msimbo unaonekana na kila mtu. Amri ya `git shortlog -sn`, ya programu ya Git inayotunza historia ya msimbo, itawaorodheshea wachangiaji. Waombeni idhini kwa maandishi.

Kazi kubwa ni kuiwasha programu kwenye kompyuta safi. Iwasheni kwanza kwa matoleo yale yale ya zamani ya maktaba zake (misimbo ya watu wengine inayoitegemea), bila kusasisha hata moja. Ikishawaka, andikeni majaribio kumi hivi, yaani misimbo mifupi inayokagua majibu ya programu, ya mambo ambayo karani hawezi kuyakosa: jumla ya kilo za siku, mgawo, bei. Baada ya hapo ndipo msasishe maktaba moja moja, mkiendesha majaribio kila mara. Mkisasisha zote kwa mpigo na kitu kikaharibika, hamtajua ni ipi iliyoleta balaa.

Majaribio hayo si mapambo. Kama msimbo ni wa lugha ya Python 2, ambayo msaada wake ulikoma tarehe 1 Januari 2020, basi `7/2` huko ilikuwa 3. Kwenye Python 3 ni 3.5. Programu itawaka vizuri bila kulalamika, ila mgawo wa mabaharia utakuwa umebadilika, na hilo ni jambo la ugomvi pwani. Amueni kwa kuwauliza wenyewe wanavyogawana, kisha mwandike jibu lao ndani ya jaribio.

Kosa jingine la kuwindwa ni la saa. Seva nyingi huhesabu kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Chombo kikishusha dagaa saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, seva inaona bado ni Jumatatu saa tano usiku, na kilo zote zinaingia siku isiyo yake. Hifadhini kwa UTC, lakini jumla za siku zihesabiwe kwa saa za hapa, `Africa/Dar_es_Salaam`. Na karani akiandika saa 2 anamaanisha saa mbili asubuhi, ambayo kwa kompyuta ni 08:00. Wekeni kitufe cha asubuhi, mchana, jioni na usiku. Msimlazimishe yeye kukokotoa.

Mkirekebisha makosa mawili ya namna hiyo, toeni toleo. Kama la mwisho lilikuwa 1.4.2, hili ni 1.4.3, pamoja na maelezo mafupi ya kilichobadilika. Sasa ndipo mna cha kumwonyesha mtunzaji wa zamani:

"Shikamoo kaka. Sisi tuko Tanga, tunaendeleza programu yako ya samaki. Tumeiwasha na kurekebisha kosa la tarehe. Tunaomba utuongeze wawili kuwa wasimamizi, na wewe ubaki."

Mpeni wiki sita, mkimkumbusha kwa upole. Akikaa kimya, endelezeni nakala yenu kwa jina jipya. Waliojitenga na OpenOffice.org, programu huria ya kazi za ofisi, mwaka 2010 walichukua jina la LibreOffice, maana jina la zamani lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Oracle.

Funguo, yaani nywila na haki za usimamizi, zisikae kwa mtu mmoja, wala zisigawiwe ovyo. Machi 2024 iligundulika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili, yametiwa mlango wa siri. Aliyeutia, kwa jina la Jia Tan, alichangia kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, huku mtunzaji aliyechoka akishinikizwa akubali msaada. Andres Freund aliugundua baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa njia ya SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Kwa hiyo mgeni aanze kwa kukagua kazi za wengine, kisha aruhusiwe kuunganisha mabadiliko. Haki ya kutoa toleo ije mwisho, na kila toleo lipitiwe na watu wawili wanaofahamiana ana kwa ana.

Mpango wenyewe utoshe ukurasa mmoja na uwe wa miezi sita. Wekeni mambo matatu mtakayofanya, na chini yake mambo mtakayokataa hata mkiombwa: pengine malipo kwa simu, pengine ramani. Ripoti za zamani za hitilafu msizifunge kwa mkupuo. Jaribuni kila moja kwenye 1.4.3, na mnayoifunga mwandike sababu. Gharama za domeni na seva ziandikwe humo humo, pamoja na majina ya watu wawili wenye nywila na tarehe ya kulipa.