Jibu: Hela ya korosho, seva mpya au vipande vya binti?

Salaam ndugu yangu wa Masasi. Umeuliza hela iliyobaki ya korosho ununulie kompyuta mpya ya seva ya nyumbani (ile inayotunza mafaili ya familia), maana ya sasa inakwama, au umpe binti wa miaka 15 zawadi ya uwekezaji.

Kabla ya kununua mpya, anza na diski ya hiyo ya sasa. Endesha smartctl, programu ya kupima afya ya diski, uone kama kuna sekta mbovu, yaani sehemu za diski zilizoharibika. Seva yangu hapa Mtwara mjini ilikwama hivyo hivyo nikadhani prosesa imechoka, kumbe diski inakufa. Umeme wa kukatika ghafla huiumiza sana. Nikaweka SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka), nikaongeza RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme ukikatika), mashine ni ileile hadi leo. Ila nakili picha za familia kabla hujagusa skrubu hata moja!

Kitakachobaki, mfungulie binti Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, taasisi ya umma inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja; humo unanunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko. Mzazi ndiye anayefungua kwa niaba ya mtoto aliye chini ya miaka 18. Mtoto wangu nilimwonyesha bei ya kipande kila mwezi, sasa anauliza mwenyewe kwa nini imepanda. Inaweza kushuka pia, mwambie mapema. Hisa sijawahi kununua, huko wengine watakusaidia.